Mila kwenye Harusi ya Siku Hizi: Pa Kuianzia, Pa Kuiweka na Nani Aishike

Ukumbi ukishalipiwa, mpambaji akishapewa advansi na MC akishakubali bei, ndipo mtu mmoja kwenye kikao cha kamati huuliza, "Na mambo ya kimila tunayaweka wapi?" Katibu hutazama ratiba na kujibu, "Baada ya keki, kabla ya chakula. Dakika kumi." Siku ikifika, kikundi cha ngoma kinaingia na nguo za kukodi, kinacheza, wageni wanainua simu, kinatoka. Kesho yake ukimuuliza bibi harusi ile ngoma ilikuwa ya nini, hajui. Bibi yake mzaa mama, aliyekalishwa meza ya nyuma karibu na spika, anajua. Hakuulizwa.

Nimekaa kwenye kamati za kutosha kuona jambo moja likijirudia. Ukumbi hauui mila, wala kadi za mchango haziiui. Mila hufa ikikosa mwenyewe. Palipo na mtu anayejua inafanywa kwa nini, na akapewa kazi ya kuifanya kwa jina lake, inasimama hata chini ya taa za rangi saba. Kwa hiyo katika hatua zinazofuata, kila mnapotaka kuingiza kitu, swali la kwanza liwe: hiki cha nani, na nani atakishika siku hiyo?

Hatua ya 1: Waoneni wazee kabla ya mpambaji

Kikao cha kwanza cha kamati kisiitishwe kabla hamjakaa na bibi, babu, mashangazi na wajomba wa pande zote mbili. Nendeni nyote wawili, mikono isiwe mitupu: sukari, majani ya chai, doti ya kanga kwa bibi. Msiende na swali la "mila zetu ni zipi?" Halina pa kushikia, na jibu lake ni lile lile: "Aa, zile za zamani, nyie hamziwezi." Ulizeni habari za siku yake yeye. Nani alikuja kukuchukua? Ulivaa nini, na nani alikuvalisha? Asubuhi ile ulikula nini? Wimbo gani uliimbwa? Nani hakuruhusiwa kuwepo? Hili la mwisho ndilo linalofungua midomo kuliko yote, maana nyuma ya kila katazo kuna kisa.

Chukueni mfano wa Wamaasai. Bibi harusi anapoondoka kwao kwenda kwa mumewe huambiwa asigeuke nyuma, asije akawa jiwe. Kabla hajatoka, baba yake humbariki kwa maziwa, akimpulizia kwa mdomo. Sasa binti huyo anayeondoka nyumbani Arusha ndani ya gari lililofungwa riboni bado anaweza kuondoka bila kugeuka. Kinachotakiwa ni mtu mmoja wa kumwambia mpiga picha mapema asimame mbele ya gari, asije akamwita jina kutoka nyuma, "Bibi harusi, tazama huku!" Nimetaja hili kwa sababu ndivyo mila nyingi zinavyovunjwa. Hakuna aliyezikataa, hakuna aliyemwambia mpiga picha.

Wachaga wana isale, jani linalopandwa mipakani na makaburini, ambalo mtu hulipeleka kwa mwenzake kuomba msamaha au amani, na aliyeletewa hupata tabu kulikataa. Harusi nyingi zina baba wawili wasiosalimiana tangu ugomvi wa shamba, au shangazi aliyekula kiapo kwamba hatakanyaga. Kama ukoo wenu una isale, muda wake ni huo: wiki kadhaa kabla ya harusi, mzee anayekubalika na pande zote alipeleke, bila kamera na bila MC. Hakuna kipengele cha ukumbini kitakachofanya kazi kubwa kama hiyo, na wageni hawatajua kwamba kilifanyika.

Rekodini mazungumzo kwa simu, kwa ruhusa. Ilazeni simu kwenye mto au juu ya meza. Ukiishika mkononi mbele ya uso wa mzee anaanza kuhutubia. Wimbo mwombeni auimbe mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza huwa anautafuta. Na bibi wawili wakipishana, mmoja akasema chetezo hutangulia na mwingine akasema hufuata, msihukumu. Fuateni maneno ya yule atakayekuwepo siku yenyewe kukishika hicho chetezo.

Hatua ya 2: Punguzeni

Mkitoka huko mtakuwa na orodha ndefu. Bakisheni vitu vitatu au vinne kwa sherehe zote, tangu posa hadi fungate. Kila kilichobaki kiwe na majibu ya maswali haya: kinasema nini, nani anastahili kukifanya, na kinahitaji muda gani bila kuharakishwa. Kisicho na jibu la pili kiacheni, hata kama kinapendeza kwenye picha.

Swali la nani anastahili si dogo. Siwa ya shaba ya Lamu, ile baragumu kubwa ambayo leo iko kwenye makumbusho ya mji huo, haikupulizwa kwenye harusi ya kila mtu. Ilikuwa heshima ya koo za kiungwana. Vivyo hivyo kuna nyimbo za unyago ambazo hazisikiki mbele ya wanaume wala mbele ya wasiochezwa. Ukimkuta dijei anazo kwenye kompyuta yake, hazijawa za kila mtu kwa sababu hiyo.

Zipo za kuacha bila majadiliano. Kisarawanda, kile kitambaa cha usiku wa kwanza kilichopelekwa kwa wakubwa kama ushahidi, kibaki kwenye historia. Kadhalika na lolote linalomlazimisha bibi harusi kudhalilika ili watu wacheke. Wazee wenyewe, ukiwauliza faraghani, wengi wanakubali.

Kwa ndoa ya mchanganyiko, msipime kwa mizani. Mpare akioa Mzigua si lazima kila upande upate vipengele viwili viwili kama mgao wa sukari ya duka la kaya. Upande mmoja unaweza kuwa na nguvu kwenye posa, mwingine kwenye sherehe ya wanawake. Kilicho muhimu ni kwamba wageni wa upande wa pili waelezwe. Mgeni asiyejua huona watu wanachelewesha chakula.

Jambo la mwisho hapa: mwoneni padri, mchungaji au sheikh mapema. Ibada ina maneno yake na mpangilio wake, na viongozi wengi hawapendi kushtukizwa madhabahuni na ngoma. Kwa Waislamu akdi haina mambo mengi: walii wa binti, mashahidi wawili, ijabu na kabuli (yaani tamko la kuozesha na la kukubali), mahari. Mengine yote ni ya kabla au ya baada, na huko nafasi ni kubwa.

Hatua ya 3: Rudisheni vitu kwenye mahari

Hapa ndipo harusi ya siku hizi imepoteza kingi, na ndipo pa rahisi kukirudisha, kwa sababu utaratibu bado upo mzima. Mshenga anatumwa. Barua ya posa inaingia kwenye bahasha, bahasha inafungwa ndani ya kitambaa kizuri au leso, na kishika uchumba ndani yake. Upande wa binti unakaa, unajibu kwa barua, na barua ya majibu ina orodha: mahari yenyewe, mkaja wa mama, kilemba cha baba au cha mjomba, blanketi la bibi, koti la babu, na mengine kufuatana na kabila.

Tatizo ni kwamba orodha ile sasa husomwa kama ankara. Blanketi la bibi limekuwa kiasi fulani cha shilingi, koti la babu kiasi fulani, mnajumlisha, mnapunguziana, mnahesabu noti. Bibi mwenyewe hapati blanketi wala, mara nyingine, hizo shilingi.

Shauri langu: katika orodha hiyo chagueni vitu viwili au vitatu vinunuliwe kama vitu. Blanketi liwe blanketi, zito, zuri, la kutumika, na bwana harusi au dada yake alifungue na kumfunika bibi mabegani mbele ya watu. Koti la babu lishonwe. Mtu wa kupeleka vipimo kwa fundi apatikane, maana koti la kubahatisha humwaibisha mzee. Mkaja ni nguo ambayo mama hujifunga tumboni baada ya kujifungua. Kutoa mkaja ni kumshukuru kwa uzazi ule. Tafuteni kitambaa kizuri cha pamba, kikunjwe, na kitolewe na mama wa bwana harusi kwa mikono yake, kwa sababu yeye pia aliwahi kujifunga. Fedha inaweza kuwekwa ndani yake. Wakati mwanamke mmoja anampa mwenzake kitambaa cha namna hiyo, sebule nzima hunyamaza bila kuambiwa na mshenga.

Mshenga naye apewe kazi yake kwa ukamilifu. Achaneni na mtindo wa kumpa rafiki yenu wa ofisini kwa kuwa ana mdomo. Mshenga mzuri anajua kutukanwa kwa utani bila kukasirika, anajua kusema "hatuna" huku anayo, na baadaye ndiye mtakayemkimbilia mkigombana. Awe mtu mzima anayeishi ndoa yake vizuri, na mmuulize kama yuko tayari kwa hiyo kazi ya baadaye.

Kwa Waislamu kumbukeni kwamba mahari ni ya bibi harusi. Ni yeye anayetaja, na akitaka iwe msahafu, kufundishwa sura fulani au pete ya bibi yake iliyokombolewa kwa sonara, ni haki yake. Hapo pana nafasi ya maana ya binafsi ambayo wengi hawaitumii. Wanaiga kiwango cha dada wa jirani.

Wenzetu wa Kenya wameshikilia sehemu hii kuliko sisi. Kwenye ruracio ya Wakikuyu, yaani shughuli ya kutoa mahari, bwana harusi huletewa wanawake kadhaa waliofunikwa leso kichwa mpaka miguu, amtambue wake, akikosea hutozwa. Kwenye ngurario, sherehe ya kukamilisha ndoa kimila, wanakata kiande, bega la mbuzi au kondoo, na mpaka hapo ndipo wazee huona ndoa imekamilika. Kwa Wakamba, mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kufungulia mahari, ndio msingi. Mengine yanaweza kusubiri miaka. Harusi ya ukumbini Nairobi huja baadaye, na mara nyingi wazee huihudhuria kama wageni tu.

Hatua ya 4: Wapeni wanawake siku yao

Kicheni pati imekuwa shughuli ya vyombo: masufuria, birika, friji, na foleni ya zawadi. Hakuna ubaya, vyombo vinahitajika. Lakini kwa watu wa pwani shughuli yenyewe ya mwali ilikuwa ya mwili wake na ya masikio yake, na vyote viwili bado vinawezekana sebuleni kwa shangazi kwa gharama ndogo.

Kwa mwili kuna singo. Liwa, mawaridi yaliyokaushwa, asumini, mrehani, karafuu kidogo na marashi, vikisagwa na kuchanganywa, akasuguliwa mwali na wanawake wa kwao huku nyimbo zinaendelea. Siku hizi unaweza kununua singo imefungwa kwenye kopo pale Darajani au Kariakoo. Hilo halina neno, ila wanaosugua wawe watu wake, wasiwe wahudumu wa saluni. Mwenye ngozi nyepesi kuwasha aijaribu kwanza mkononi.

Hina itiwe siku mbili kabla ya harusi, kwa kuwa rangi yake hukolea siku moja au mbili baada ya kubanduliwa. Piko nyeusi ndiyo ya kuangalia. Piko nyingi za mitaani ni dawa ya kutia nywele rangi, na kuna ngozi zinazobabuka kwa hiyo. Jaribuni nukta moja nyuma ya sikio siku mbili au tatu mbele. Bibi harusi mwenye malengelenge mikononi hafunikiki kwa kamera yoyote.

Kwa masikio kuna somo, au kungwi. Naomba asiwe mchekeshaji wa kukodi. Miaka ya karibuni kumezuka makungwi wa jukwaani, kipaza sauti mkononi, wakiwasimulia watu mia mambo ya chumbani. Watu wanacheka sana na mwali anatazama chini. Somo wa kweli huchaguliwa na familia, hukaa na mwali mlango umefungwa, na humjia tena baada ya ndoa. Mkipenda maneno ya hadharani, wekeni duara la akina mama wachache, kila mmoja aseme jambo moja lililomfaa kwenye ndoa yake na moja ambalo angelifanya vingine. Mtaje muda mapema, maana wapo mashangazi wasiojua dakika tatu ni ngapi.

Na kuna kikuba, ambacho nakipendekeza kwa kila harusi, ya Mwislamu au Mkristo, ya pwani au ya bara, kwa sababu kinafanywa na mikono ya watu wa kwenu na kinanukia usiku kucha. Asumini huchumwa alasiri zikiwa bado matumba, zimefumba, nyeupe zenye rangi ya kijani chini. Usisubiri zichanue mtini. Zilazwe kwenye kitambaa chenye unyevu, mahali penye kivuli. Chukua kijiti cha mrehani kiwe mgongo, weka waridi moja dogo au petali zake, vilua kama ni msimu wake, wengine hutia vipande vya mkadi. Zungushia matumba ya asumini na ufunge kwa uzi mweupe. Kibanwe kwa pini kifuani, upande wa kushoto, au kichomekwe kwenye nywele. Magharibi ikiingia, asumini zinaanza kuchanua zenyewe juu ya nguo. Wasichana sita wakikaa ubarazani saa kumi wanamaliza vikuba vya meza kuu na vya kina mama wote, na maongezi yao hapo ndiyo sherehe yenyewe. Pale Mombasa na Unguja maua ya namna hii hupatikana sokoni. Dodoma au Moshi tafuteni mwenye mti mapema.

Hatua ya 5: Andikeni ratiba upya, pamoja na MC

Sasa ukumbini. MC si adui wala hana dhambi, anafanya alichoandikiwa. Mwiteni kabla ya siku, mkae naye pamoja na wale walioshika vipengele, awaone kwa sura. Kila kipengele kiandikwe hivi: jina la anayekifanya, anasimama wapi, kinachukua dakika ngapi, na sentensi mbili za kuwaeleza wageni. MC asibuni maelezo yake. Nimesikia MC akitangaza isale kuwa "maua ya Kichaga".

Vipengele viwili vinatosha kwa usiku mmoja. Kimoja wakati wa kuingia, watu wakiwa bado wamekaa wima, na kimoja karibu na chakula. Baada ya chakula hakuna anayesikiliza.

Kwa kuingia, udi na marashi vinafaa sana: mwanamke wa nyumba ya bwana harusi anatangulia na chetezo, mwingine na mrashi akinyunyizia wageni. Ulizeni ukumbi kwanza kama una ving'ora vya moshi. Wakikataa, nguo za maharusi zifukizwe nyumbani usiku wa kuamkia harusi, zitundikwe juu ya chetezo kwa umbali salama, na ukumbini uingie mrashi peke yake. Kama mnataka mdundiko wa Kizaramo, mahali pake ni mtaani, kusindikiza kutoka nyumbani, na taarifa itolewe serikali ya mtaa na polisi. Ukiuleta ndani ya ukumbi wenye zulia unauua. Ngoma ile inatembea.

Karibu na chakula kuna ndafu. Wengi wameipokea hata wasio Wachaga, mbuzi mzima aliyechomwa, amepambwa majani, akisukumwa kwenye toroli kama keki ya pili. Ifanyeni iwe na maana. Mzee mmoja wa ukoo ndiye akate, kwa kisu chake, na aseme kwa nini sehemu hii anapewa baba na hii anapewa mjomba. Kila sehemu ina anayestahili. Mwulizeni yeye, wala msitafute mtandaoni. Mchomaji aambiwe saa halisi ya kuikata, siyo ile ya kwenye kadi, ili isije ikafika baridi na mafuta yameganda.

Utani nao usisahaulike. Kama bibi harusi ni Mhehe na ukumbi una Wangoni, au kuna Wasukuma na Wazaramo, Wachaga na Wapare, mnao watani tayari, bure. Mmoja akae kwenye kiti cha bwana harusi akatae kutoka mpaka alipwe. Chagueni mapema mtu wa kumlipa, mumpe noti ndogondogo, na MC ajue kwamba si fujo. Mtani hufundishwa kitu kimoja tu: amalize kabla watu hawajachoka.

Sare za familia ni vitenge karibu kila mahali. Mimi bado napendelea kanga kwa kina mama, na kama kuna mzee wa pwani, kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo ndiyo nguo ya harusi ya zamani. Ukinunua kanga, soma jina lake. Isome mpaka mwisho. Kuna mashangazi kumi waliwahi kupangwa mstari mbele ya mawifi wamevaa "Hasidi hana sababu", wote wakiwa wamechagua kwa rangi, na wiki mbili watu walikuwa wanatafuta aliyelengwa.

Hatua ya 6: Maneno yenu

Nadhiri za kujitungia zimeingia kwa nguvu kutoka kwenye filamu, na mara nyingi husikika hivyo. Kanisani fomula ipo, msiiguse. Lakini lugha yetu ina vyombo vyake vya kusemea hisia mbele ya watu, na ni vizuri kuliko karatasi iliyonakiliwa.

Kitendawili ni kimoja. Bwana harusi akifika kumchukua mwenzake, wadogo wa bibi harusi wanasimama mlangoni: "Kitendawili!" Naye ajibu "Tega!" Vitegwe vitatu vilivyotungwa juu yake mwenyewe: chakula asichokipenda, siku walipokutana, jina alilokuwa anaitwa utotoni. Akishindwa anatoa mji kama kawaida, na mji huo wanauthaminisha wao kwa noti. Kinachukua dakika tano na kinawapa kazi wale vijana ambao kwa kawaida hubaki kushika simu.

Shairi ni kingine. Baba wengi hupewa kipaza sauti wakatoa nasaha za dakika ishirini. Mwombeni atoe ubeti mmoja badala yake. Kanuni si ngumu: mishororo minne, kila mmoja mizani kumi na sita, nane kwa nane, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Huu nimeutunga kama mfano, geuzeni mpendavyo:

Mwanangu leo naketi, niseme mbele ya watu,
Sikupi gari si kiti, nakupa neno la kwetu,
Ukimya una wakati, na maneno yana utu,
Nenda na yako bahati, kwetu hufungiwi katu.

Baba asiyeweza kutunga amwendee mwalimu wa Kiswahili wa shule ya jirani. Ampe majina, kijiji na jambo moja alilofanya binti yake akiwa mdogo. Bila hilo jambo moja ubeti utafaa harusi yoyote, na hivyo hautamfaa huyu. Ughanwe, usisomwe. Kama sauti ya baba haitoshi, mpwa mwenye sauti aghani huku baba amesimama kando yake.

Walio mbali, kaka aliye Muscat au dada aliye London, warekodi salamu zao wiki moja kabla na kuzituma. Msitegemee simu ya moja kwa moja ukumbini. Mtandao hukwama wakati uso umeganda mdomo wazi.

Hatua ya 7: Cheti

Fupi lakini lisirukwe. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla. Makanisa mengi huendana na hilo kwa kutangaza Jumapili tatu. Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na nyingine, ila mnatakiwa kumwarifu msajili ndani ya miezi 3 tangu taratibu za kimila zikamilike. Mbuzi walioliwa wanajulikana kwa wazee. Benki na mahakama zinataka karatasi. Mtu mmoja wa kamati, tofauti na mweka hazina, afuatilie cheti mpaka kiwe mkononi mwenu.

Hatua ya 8: Mlangoni, na siku saba

Usiku ule maharusi wanapofika nyumbani au hotelini, mkitaka, wekeni kifungua mlango. Somo au dada wa bibi harusi anasimama mlangoni, bwana harusi anatoa chochote, mlango unafunguliwa. Kisha kipa mkono, zawadi ambayo bwana harusi humpa mkewe wakiwa wawili tu. Hiki hakina ratiba na hakina mpiga picha. Bwana harusi akinunue mwenyewe, asimtume dada yake.

Kisha fungate. Wengi hukimbilia ufukweni kesho yake asubuhi wakiwa hoi, wanalala siku mbili kati ya tatu walizolipia. Kama likizo inaruhusu, kaeni kwanza nyumbani siku chache, na familia mbili zipokezane kuleta chakula: leo upande wa bibi, kesho upande wa bwana. Pangeni zamu kwenye kundi la WhatsApp la kamati, lile lile la michango, kabla halijavunjwa. Mletaji aache chakula mlangoni, asalimie, aondoke. Huo ndio utaratibu, na atakayekaa kupiga soga akumbushwe na somo. Andikeni kila chombo ni cha nani, kwa plasta chini ya sufuria. Siku ya saba vyombo vinarudishwa, kila kimoja na kitu ndani yake, hata kama ni sukari robo, na maharusi ndio wanaovipeleka nyumba kwa nyumba, wakianzia kwa bibi mzaa mama.